Doa Jekundu Kifuani mwa Keren

Mama Keren alizipanga picha mezani moja moja, bila haraka, kama anayepanga karata huku akijua tayari nani atafungwa. Zilikuwa saba. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena, ndipo akamtazama Jotham.

“Weye ni fundi,” alisema. “Haya, nielezee.”

Jotham alikuwa fundi kweli. Riziki yake kule Ilford ilikuwa kutengeneza mashine za kufulia, na hakukumbuka mashine iliyowahi kumshinda. Lakini picha hizi zilikuwa zimemkosesha raha tangu Ijumaa. Katika zote saba Keren alikuwa amesimama upande wa kushoto, mzuri mpaka moyo unauma, na katika zote saba wekundu ulikuwa umemwagika kutoka ukingoni mwa picha, ukamfunika bega, ukashuka na kumwishia kifuani. Ulikuwa mzito katikati na umechanikachanika pembeni. Mtu akiutazama kwa muda alitamani kutafuta kitambaa aufute.

“Mama, hiyo si damu,” alisema.

“Nani amesema damu?” Mama Keren aliuliza polepole. “Mimi sijasema. Ni weye umesema.”

“Maman, please,” Keren alisema kutoka dirishani.

“Ni mwanga, Mama,” Jotham aliharakisha. “Kamera yenyewe ni ya zamani. Ile sponji ya mlango wa nyuma imeoza, so light inapenya inachoma film. Ni kitu ya kawaida kabisa. Kuna watu hata wanatafuta hizo kamera ndio wapate hiyo rangi.”

“Na huo mwanga unachagua mutu?” Kidole cha Mama Keren kilitua kwenye picha ya tatu. “Hapa niko karibu yake, nimekaa. Niko safi. Hapa ni weye, uko safi. Hata mbwa ya jirani iko safi. Ni mutoto yangu tu njo umeona?”

“Ni vile yeye husimama upande huo kila wakati, Mama. Mwanga unaingilia upande mmoja tu.”

“Na juu ya nini anasimama upande huo kila wakati?”

Jotham alimtazama Keren, lakini Keren alikuwa ameegemea fremu ya dirisha, anaangalia mabasi ya Peckham yakipita chini, kana kwamba mazungumzo yale yanamhusu binti wa watu wengine.

Msomaji asimlaumu sana Mama Keren. Katika ukoo wa marehemu mumewe hakuna mahari inayozungumzwa kabla baba mkubwa wa binti, kule Bukavu, hajaishika mkononi picha ya mtoto wao na kuiombea mbele ya familia nzima. Picha yenyewe sharti iwe ya karatasi. Ya simu haikubaliki, kwa maana haishikiki. Sasa picha kama hizi zikifika mikononi mwa wazee wale, nani atasimama kuwaeleza habari za sponji?

Jotham angeweza kuingia dukani akachapisha picha za simu kwa dakika tano, yakaisha. Lakini mapenzi yalimpa maringo. Alitaka picha itakayoingia katika ukoo ule itoke mikononi mwake mwenyewe. Akanunua kamera mbovu kwenye soko la vitu vya mitumba, kwa bei ya chakula cha mchana, kipazia chake cha ndani cha kupitishia mwanga kimeganda na kioo kimeota ukungu. Kwa wiki tano aliifungua na kuifunga chumbani kwake. Aliisafisha kwa spiriti na pamba za masikio mpaka siku moja kipazia kikafunguka na kufunga, klak, naye akarukaruka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta. Hayo ndiyo maringo yaliyomweka kwenye kiti hiki leo.

“Ulrich wa kanisa anapanda ndege Jumanne ya wiki ingine,” Mama Keren alisema, akizikusanya picha na kumrudishia. “Njo atabeba bahasha. Utapiga zingine. Na kamera ni ile ile, sitaki ingine. Unasema mashine iko na ugonjwa, basi ponesha mashine. Zikitoka safi, nitakuita mukwe. Zikirudi na kile kitu ku kifua ya mutoto yangu...”

Hakumaliza. Macho yake yalikwenda ukutani, na Jotham akayafuata. Pale ilitundikwa picha moja tu, ya marehemu mumewe, Papa Magloire, iliyopigwa studio huko Bukavu: mwanamume mrefu mwenye koti la mikono mipana, kiganja cha kulia amekiweka kifuani upande wa moyo, uso mtulivu. Siku ya kwanza Jotham alipokuja nyumba hii aliisifu picha ile. “Mzee alijua kupiga pozi,” alisema, na Mama Keren akacheka mpaka akajifuta machozi. Papa Magloire alikufa ana miaka arobaini na moja, ameinama anafunga kamba za viatu. Moyo ulisimama tu.

“Zikirudi nazo?” Jotham aliuliza.

“Usirudi hapa, mutoto ya watu. Nitakuombea mema, lakini usirudi.”

Keren alimsindikiza mpaka chini, ghorofa tano kwa miguu, maana lifti ilikuwa imekufa tangu Januari. Mlangoni hawakuachana. Jotham, kama kawaida yao, akasema naye atamsindikiza arudi juu, na mchezo huo wa kusindikizana ungeweza kuwamaliza jioni nzima kama Mama Keren hangeita kutoka juu.

Walipofika ghorofa ya tatu Keren akasimama kwenye dirisha la ngazi.

“Ngoja tuone treni,” alisema.

Hapo ndipo mahali pao. Kila wanapopanda, Keren husimama hapo hapo na kusema hivyo hivyo, naye Jotham huegemea kando yake, mabega yanagusana, wakingoja treni ya Peckham Rye ipite nyuma ya mapaa. Wakati mwingine zilipita mbili, wakati mwingine tatu, na Keren hakuwa na haraka hata kidogo. Hakuna mwanamke aliyewahi kutafuta kisingizio cha kukaa naye namna hiyo. Moyoni Jotham alikuwa ameliita dirisha lile jina ambalo angeona haya kulitaja mbele za watu.

“Unaogopa?” alimuuliza.

“Maman hizo vitu zimemwingia. Tangu aone hizo picha hajalala.” Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. “Mimi? I don't know. Kuna siku naamka nahisi kama kuna mtu ameniita na sikusikia amesema nini.”

“Usiseme hivyo.”

“You asked.” Akatabasamu, na tabasamu lile likamfutia Jotham kila kitu kichwani. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kibonge cha uzi mweusi, uzi wa sufu ambao mama yake huwasukia wateja nywele sebuleni. “Ulisema unataka kitu cheusi, laini, cha kuziba. Nimeiba kwa kikapu chake.”

“Akijua?”

“Akijua atasema tumeroga.”

Walicheka kwa sauti ya chini. Treni ilipita. Jotham akataka kumbusu, lakini Keren alikuwa amefumba macho, amelaza paji la uso kwenye kioo baridi, akamwacha hivyo. Wala hakuona ajabu. Alimwona kama mtu anayeionja furaha yake taratibu.

Usiku wa siku hiyo na wa siku iliyofuata Jotham alikwangua sponji iliyooza kutoka kwenye mifereji ya mlango wa kamera. Ilikuwa imegeuka lami, inanata vidoleni, nyeusi, yenye harufu ya kitu kilichofungiwa siku nyingi. Akaunyoosha uzi wa Mama Keren na kuulaza ndani ya mfereji kwa kijiti cha meno, inchi kwa inchi, mpaka kwenye bawaba. Alipofunga mlango ulibana vizuri, bila mlio. Akazima taa, akawasha tochi ndani ya kamera na kuutazama kwa nje. Hakuna hata sindano ya mwanga iliyotoka.

Jumatano alipiga picha. Keren alikuwa ametoka kazini, kwa bibi mmoja anayemhudumia mchana, akapandisha kilima cha bustani kumfuata pale juu alipokuwa akimngoja na kamera shingoni. Jotham alimtaka hivyo hivyo, anapofika, kabla hajajipanga.

“Usisimame kushoto leo,” alimwambia. “Njoo katikati.”

“Hapa kwa mti ni sawa.”

“Basi mti uwe katikati.”

Alipiga. Alimsogelea, akapima mwanga, akazungusha lenzi mpaka kope za Keren zikawa kali kama zimechorwa, akapiga tena. Kipazia kililia safi. Jotham alikuwa na raha ya kitoto. Macho yake yalikuwa kwenye kope, kwenye mwanga, kwenye vidole vyake mwenyewe. Picha ya mwisho Keren aligeuka ghafla kumkimbia njiwa, mikono hewani, akicheka, na Jotham akafyatua akijua hii itatikisika.

Jumamosi alipanda treni mpaka Harrow, kwenye kaduka ka mzee Gurdial, mzaliwa wa Nakuru, ambaye bado anasafisha filamu kwa mkono na anazungumza Kiswahili kinachomfanya Jotham ajisikie amefika nyumbani.

“Njoo uone, kijana!” Gurdial alimpokea, picha sita amezitandaza juu ya kioo. “Hapana doa. Hapana hata moja. Umeziba na nini?”

“Uzi wa kusukia nywele, Mzee.”

“Uzi wa nywele!” Gurdial alipiga kioo kwa kiganja. “Miaka hamsini niko kwa hii kazi, sijasikia.” Akazikusanya, akazitia bahashani. “Msichana mzuri sana. Lakini mwambie siku ingine aweke mkono chini. Anaficha mkufu yote.”

Jotham alicheka, akashukuru, akaondoka anaruka vidimbwi vya mvua.

Alizitoa tena kwenye treni, baada ya vituo viwili, kwa sababu furaha yake ilikuwa haijamtosha. Ya kwanza: Keren chini ya mti, safi, kifua kimemulikwa na mwanga wa jioni. Mkono wa kulia umelazwa upande wa moyo. Ya pili, mkono upo hapo hapo. Ya tatu. Ya nne. Jotham akaacha kutabasamu. Katika ya tano vidole vilikuwa vimeikamata blauzi, vimeikunja ngumini, na midomo ilikuwa wazi kidogo, midomo ambayo yeye aliitazama kwa lenzi akaiona inatamanisha.

Akaingiza mkono kwenye begi akatoa zile saba za zamani. Aliziinamisha kwenye taa ya treni. Chini ya wekundu, kwa anayejua pa kutafuta, kulikuwa na mkono. Katika zote. Doa lilikuwa limeufunika tu.

Na kila mara alikuwa ameegemea kitu: ukuta, uzio, nguzo ya taa. Ndiyo maana husimama upande. Ndiyo maana ya dirisha la ghorofa ya tatu, na treni moja, na treni mbili, na treni tatu. Jotham alidhani ni mapenzi.

Keren alimngoja chini ya ngazi siku ya pili, Jumapili mchana, amevaa gauni la kanisani la kijani. Alimsoma usoni kabla hajasema neno.

“Zimetoka na doa?”

“Zimetoka safi.” Jotham alimpa bahasha. “Ziangalie.”

Aliziangalia. Alipofika ya tano mikono yake ikatulia.

“Tangu lini?” Jotham aliuliza.

“Jotham...”

“Tangu lini, Keren?”

“February.” Hakumtazama. “Moyo unadunda vibaya, then unaruka, then ni kama kuna mtu amekalia hapa. Inaisha yenyewe.”

“Umeona daktari?”

“Walinipa letter ya hospital. Sikuenda.”

“Sababu?”

“Sababu ni ugonjwa wa Baba!” Sauti yake ikapanda ukumbini, akaishusha haraka. “Ni ile ile. Najua. Nikienda wataniambia, na wakiniambia Maman atanifungia ndani mpaka nife. Hakuna harusi, hakuna wewe. Na mama yako kule Vihiga, atasema nini? Mwanawe anaoa maiti?”

“Mama yangu humjui.”

“Nawajua watu.” Alichambua picha kwa haraka, akaichomoa moja. Ilikuwa ile ya njiwa: mikono hewani, uso umetikisika lakini unacheka. “Hii. Mpe hii. Haina doa, haina mkono. Atasema ndiyo. Niache nivae gauni mara moja kama wenzangu, nipelekwe kwako kwa nyimbo. Baada ya hapo nitaenda hospital, naapa. Mwezi moja tu, Jotham. Miwili.”

“Na hizi nyingine?”

“Zichane.”

“Keren, baba yako hakupewa miezi miwili.”

Alimkamata kola kwa mikono yote miwili, akamvuta karibu mpaka Jotham akasikia pumzi zake fupi. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha kuliko machozi.

“Nakupenda,” alisema. “Unajua hilo. Lakini ukimwonyesha hizo, mimi na wewe basi. I mean it. Sitakusamehe hata nikipona.”

Walipanda. Ghorofa ya tatu Keren akasimama, akaegemea kioo, na Jotham akasimama nyuma yake anahesabu pumzi zake. Treni ilipita, hakuna aliyeitazama.

Mama Keren alikuwa amejiandaa. Alivaa kitenge kipya, meza imefunikwa kitambaa cheupe, sombe ya majani ya muhogo na bugali vinatoa mvuke. Kumbe mama huyu, pamoja na vitisho vyake, alikuwa ameomba juma zima doa lisirudi. Sahani zilikuwa nne, moja ya marehemu kama wanavyoweka sikukuu.

“Haya, lete,” Mama Keren alisema. “Moyo yangu iko inagonga tangu asubuhi.”

Keren alimtazama Jotham. Jotham akatoa picha ya njiwa.

Mama Keren aliipeleka dirishani. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, akarudi mbele. Mabega yake yakashuka, kisha akaanza kucheka kidogo kidogo, mkono mdomoni.

“Safi,” alisema. “Hapana kitu. Mungu wangu, hapana kitu! Anacheka mutoto yangu, ona vile anacheka.” Akaja akamshika Jotham mashavu. “Unisamehe. Mimi ni mujane, ninaogopa hata kivuli. Kaa, mukwe wangu. Kaa ukule.”

Mukwe wangu. Kwa neno hilo Jotham alikuwa amekesha wiki tano na kibisibisi. Upande wa pili wa meza uso wa Keren ulikuwa umefunguka kama siku ya kwanza walipokutana, unang'aa, unamwambia asante, unamwambia wangu. Alichohitaji kufanya ni kuvuta kiti na kukaa.

Alipoinua macho akakutana na Papa Magloire ukutani, koti lake, uso wake mtulivu, kiganja kwenye moyo.

Jotham hakukaa. Alizitoa zile tano bahashani, akazibeba mpaka ukutani na kuzipanga juu ya kabati, chini kabisa ya picha ile, moja kando ya nyingine.

“Mama,” alisema, na sauti yake haikuwa yake. “Nisamehe. Njoo uone mkono.”

“Don't,” Keren alisema. “Jotham, no. No!”

Mama Keren alikuja akiwa bado na tabasamu. Aliangalia ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tano tabasamu likamtoka. Aliinua mikono akaitungua picha ya mumewe, akaishika kando ya ile ya binti.

“Haikukuwa pozi,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. “Ile siku ku studio alikuwa na maumivu. Photographe alimwambia, bakia vile vile, unapendeza.” Aligeuka. “Keren. Tangu wakati gani?”

Keren alikuwa anamtazama Jotham, na katika macho yale hapakuwa na hasira bado, palikuwa na mtu anayefunga mlango taratibu ili usipige kelele.

“Ulikuwa umeshashinda,” alimwambia. “Ungekaa tu.”

Mama Keren alikwishavaa koti juu ya kitenge kipya, anapapasa ufunguo, anapapasa simu, vyote vinamponyoka. Jotham aliviokota. Chakula kilibaki mezani kimefunikwa, sahani nne hazijaguswa, na wote watatu wakashuka ngazi kwenda hospitali, Mama Keren mbele, binti katikati, Jotham nyuma. Alinyoosha mkono amshike Keren kiwiko. Keren akautoa mkono ule, kwa upole, kama mtu anayejitoa uzi kwenye nguo.

Kwenye ghorofa ya tatu Keren akasimama, ijapokuwa walikuwa wanashuka. Akaegemea kioo, kiganja kifuani. Treni ikapita nyuma ya mapaa, ikapita nyingine, naye hakuitaja hata moja.